Vishikio vya Mtu Mmoja

Kitu kipya hakiwi cha zamani kwa kupakwa uchafu. Hilo lilikuwa somo la kwanza la fundi wangu, mzee wa Tanga mwenye karakana huko Troyeville, Johannesburg, nyuma ya nyumba ya matofali ambayo bati lake lilipiga kelele kila upepo ulipovuma. Nilianza kazi kwake mwaka 2015, baada ya kufukuzwa saluni mbili kwa ajili ya mdomo wangu. Kule walitaka nisuke huku nikicheka, na mimi niliweza kusuka tu.

Fundi alifufua vitu vya vituo vya mafuta vya zamani: pampu ndefu za petroli zenye vichwa vya kioo, makopo ya oili, vibao vya bati, mashine za kujazia upepo. Matajiri wa kaskazini mwa jiji walivinunua wakavisimamisha sebuleni. Sikuwahi kuwaelewa watu hao. Kwetu Lubumbashi pampu iliyokufa ilikuwa aibu ya mwenye kituo. Huku walialika wageni waje kuitazama. Shida ni kwamba pampu nyingi zilifika bila baadhi ya viungo vyake, hasa skrubu, bawaba na mipini. Fundi alichonga vingine, na kazi yangu ikawa kuvizeesha ili visionekane vya jana. Hakumficha mteja yeyote. Aliwaambia wazi kipi cha kale na kipi cha kwetu, na wao hawakujali, mradi jicho lisikwame.

Kuzeesha chuma kuna utaratibu wake. Skrubu za dukani zina ngozi ya zinki inayong'aa. Unaivua kwa kuzilaza ndani ya siki kali mpaka zitoe mapovu na kugeuka kijivu. Kisha unazinyunyizia chumvi na dawa ya kupaushia nywele, ambayo niliizoea tangu saluni, na kutu inatokea umesimama hapo hapo unaiangalia. Unaizuia kwa maji ya magadi, unakausha, unapaka nta. Shaba ya manjano haitaki kulowekwa. Inaning'inizwa ndani ya ndoo yenye amonia kidogo chini, mfuniko unabanwa, na mvuke peke yake unaigeuza kahawia. Ukifunua mapema machozi yanakutoka, na wageni wa karakana walizoea kunipa pole wakidhani nimefiwa.

Lakini kabla ya rangi kuna kulika. Mpini ulioshikwa miaka mingi huliwa na mkono, na hauliwi sawasawa. Hapo fundi alikuwa na sharti ambalo sikulisikia kwa mtu mwingine: usiguse tupa kabla hujamjua aliyeushika. "Mjue mtu wako kwanza," alisema. "Mrefu, mfupi? Mwenye pupa au mvivu? Ukishamjua, mwenyewe atakuonyesha pa kula." Basi nilikuwa nakaa na mpini mpya wa shaba mapajani, namtunga mtu kichwani. Nikimpata nilianza kwa tupa, nikafuata na msasa, na mwisho nikavaa glavu ya ngozi iliyopakwa oili na vumbi la tofali, nikaushika na kuusugua mpaka kiganja kikawaka moto.

Sikupenda kubaki peke yangu mle ndani, hasa siku za baridi umeme ulipokatwa kwa zamu. Pampu zilipangwa ukutani, zimenizidi kimo, na mwanga wa mlangoni ulikaa kwenye vile vichwa vyao vya kioo. Fundi alizisalimia kila asubuhi, "Hamjambo wazee," nami nilimwambia aache. Alicheka. Mimi niliona kabisa kwamba zinamsubiri mtu aje kuzihudumia, na mtu huyo si mimi.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama, katika chumba kimoja mtaa wa pili kutoka karakana. Mama alishona nguo za kanisani. Baba aliondoka Lubumbashi nikiwa darasa la kwanza. Alikuwa makanika, akasema anakwenda Johannesburg na atatuma habari akifika. Habari haikuja. Baadaye jamaa mmoja aliyerudi alieleza kwamba kundi lao lilivuka Limpopo kwa miguu wakati mto umejaa, na si wote waliotokea ng'ambo. Nani alipotea, hakujua.

Tangu siku ile mama alikuwa na swali moja tu duniani: alifika au hakufika? Tulimfuata Johannesburg mimi nikiwa msichana mkubwa, tukauliza makanisani, sokoni, kwa walinzi wa mageti. Hakuna aliyemjua. Wamama wa kanisa letu walimsihi aweke kilio, marehemu aombewe, na yeye aitwe mjane kama wajane wengine. Mama alikataa katakata.

"Mi siwezi kulia mutu mwenye sijue kama alikufa," alisema.

Na alikuwa akiota maji. Aliniambia asubuhi akinimiminia chai, kwa sauti ile ile ya kutaja bei ya nyanya: leo tena nimemuona ndani ya mto, alikuwa ananiita. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilitaka kilio kiwekwe, watu wale, waimbe, yaishe. Tuligombana juu ya jambo hilo mpaka majirani wakatuzoea.

Mwaka 2018, mwezi wa nane, upepo wa vumbi la njano kutoka kwenye vilima vya taka za migodi ulikuwa unavuma kila siku, na meno yetu yalikuwa na mchanga. Asubuhi moja fundi alinikuta nje nikisugua bawaba.

"Binti, hebu njoo."

Alikuwa amepanga mezani mipini minne niliyomaliza, inayosubiri wateja wanne tofauti. Alisimama mbele yake amekunja mikono.

"Huyu ni nani?"

"Yupi?"

"Usinizungushe. Huu uliniambia umemtunga mama mnene. Huu, kijana mvivu. Huu, mzee mwenye haraka, na huu sijui nani. Haya, shika."

Nikaushika wa kwanza. Mkono wangu wa kulia haukukaa.

"Kushoto," akasema.

Wa kushoto ukakaa. Nikajaribu wa pili, wa tatu, wa nne, na yote ilipokea mkono wa kushoto kwa namna moja. Palikuwa na shimo la kidole cha shahada, shimo la kidole cha kati, halafu kinundu ambacho hakikuliwa kabisa, kisha alama ya kidole cha mwisho, imekwenda mshazari. Kidole gumba hakikuzunguka mpini. Kililala juu yake.

"Una mtu mmoja tu wewe," fundi akasema. "Amefanya kazi vituo vyote vya Afrika Kusini, na hana kidole cha pete. Eish, binti, umefuga jini?"

Baba alikatwa kidole cha pete na mkanda wa feni ya gari kabla sijazaliwa. Sura yake siikumbuki. Hatukubaki na picha hata moja. Sikujua kama naukumbuka mkono. Mimi natumia wa kulia, na glavu niliyosugulia, ambayo ilikuwa bado mfukoni, ilikuwa ya kulia. Niliitoa nikaitazama pande zote mbili, kisha nikamwambia fundi asinichezee, kama vile yeye ndiye aliyefanya.

Akanipa shaba nyingine, akataka nimtunge yeye mwenyewe, kwa mkono wake mpana wa kulia, akae mbele yangu nimwangalie. Nilifanya hivyo kutwa nzima. Jioni aliujaribu kwa mkono wa kulia, akauhamishia wa kushoto, akauweka mezani polepole, na kesho yake sikuuona tena.

Haukupita muda mrefu fundi akanunua vitu vya garaji moja, kama wanavyoita vituo vya mafuta huku, kule Turffontein karibu na uwanja wa mbio za farasi. Mwenyewe alikuwa amekufa na mjane wake alikuwa anafunga. Katika vitu hivyo mlikuwa na pampu ya mkono ya mafuta ya taa, ya kusukuma mpini kwenda na kurudi, ambayo watu waliifuata na chupa zao. Ilikuwa imepata mteja hata kabla ya kushushwa garini.

"Hii usiiguse," fundi akaniambia. "Anaitaka na uchafu wake."

Ikawekwa pembeni chini ya gunia. Sikuigusa. Nilikuwa na yangu ya kutosha.

Siku chache baadaye alikuja pale nilipokaa, uso umemvimba kwa hasira, na mpini wa ile pampu ameufungua ameushika.

"Nilikukataza!"

"Umenikataza nini?"

"Binti, usinione mjinga. Ukitaka kufanya kazi zako za ajabu fanya kwenye shaba yangu, si kwenye kitu cha watu!"

Nilimrudishia maneno makali zaidi, siyaandiki. Yeye akaulaza ule mpini mezani kando ya minne yangu. Mashimo mawili, kinundu, mshazari wa kidole cha mwisho, na njia ya kidole gumba imelala juu. Tofauti ilikuwa moja: huu ulikuwa umeliwa ndani zaidi.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Kazi yangu huacha mistari, hata niifiche vipi. Msasa una mwelekeo, na jicho linalojua huuona. Pale hapakuwa na mstari. Shaba ilikuwa laini mpaka kwenye kingo, na oili ilikuwa imeingia kwenye kila kitundu. Nilimpa fundi kioo. Aliinama akachungulia muda mrefu, mpaka nikasikia anavyopumua puani. Hakuniomba radhi. Alijifuta mikono, akaenda kubandika birika.

"Ni ya kweli," akasema huku amenipa mgongo.

Nilikaa, nikamweleza habari ya baba, yote, kwa mara ya kwanza. Fundi hakunywa ile chai. Alichukua ufunguo wa gari lake la mizigo na kunipeleka Turffontein mchana ule ule.

Mjane wa garaji tulimkuta anashusha mapazia ya ofisi. Alikuwa mama wa makamo, mpole, na alifurahi kupata wa kuzungumza naye. Mtu wa pampu ya mafuta ya taa? Alimkumbuka vizuri. Walimwita Kongo tu. Mkono wa kushoto, ndiyo, na kidole hakipo. Alianza kwao kabla hawajaweka lami kwenye uwanja wa garaji, akabaki mpaka watu walipoacha kununua mafuta ya taa. Mtulivu, hakuwa mlevi. Kisha akaaga kwamba anahamia Durban na familia yake.

"Familia?" nikauliza.

Ndiyo, alikuwa na mke na binti mdogo. Yule mtoto alikuwa akishinda Jumamosi pale kwenye kizingiti, akimngoja baba yake. Akaonyesha kimo chake kwa kiganja. Nilipouliza aliondoka lini, alijibu kwamba ni miaka michache tu iliyopita. Nikajua kwamba wakati huo mimi na mama tulikuwa tumeshafika Johannesburg, tunapita makanisani tukiuliza.

Nilitoka nje kutazama mahali ilipokuwa ile pampu. Zilibaki boliti nne kwenye saruji. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi nyekundu zamani, na rangi hiyo ilikuwa imekwisha sehemu mbili, pa miguu miwili. Kuna mtu aliyesimama hapo mpaka akaitoboa rangi. Nilijikuta nimesimama humo, mguu ndani ya mguu, na mkono wangu wa kushoto umejikunja wenyewe. Nilitoka kwa kuruka, nikaenda kukaa garini na kufunga mlango.

Nilimchukia. Nasema wazi. Miaka yote nilimwogopa kama maiti ya mtoni, kumbe alikuwa anauza mafuta ya taa na kulea mtoto mwingine. Njiani nilimwomba fundi asimwambie mama kitu. Akaitikia kwa kichwa. Niliona nafuu abaki na swali lake kuliko kupewa jibu la namna ile.

Baada ya hapo sikuweza kurudi nyumbani kula mchana, kwa sababu sikuweza kumtazama mama usoni. Nilimwambia kazi ni nyingi. Na mama, badala ya kununa, akaanza kuniletea chakula. Kwa kawaida aliishia getini kwa kuogopa harufu ya amonia. Siku moja fundi alikuwa amekwenda kupeleka mzigo, upepo unapiga bati, na sikusikia alipobisha. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mbele yangu na bakuli la ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, na mimi nina ule mpini wa Turffontein mapajani.

"Njo kazi yenyewe hii?" akauliza kwa Kiswahili cha kwetu, yaani ndiyo hii kazi, akaweka bakuli chini, akanyoosha mkono.

Sikupata nafasi ya kuuficha. Aliupokea kwa mkono wa kulia, akautazama, akauhamishia wa kushoto. Kidole chake kilikwenda juu ya kile kinundu, kikarudi, kikaenda tena.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi, mama."

Alitazama mezani. Ile minne ilikuwa bado imepangwa, wateja hawajaja. Aliichukua mmoja mmoja, akaishika yote kwa kushoto, wala hakushangaa kuona inafanana. Kisha akarudi kwenye ule wa kwanza.

"Zile zako zinamufanana," akasema. "Hii njo yeye."

Nikamwambia umetoka Turffontein, kwenye garaji, kwamba alikuwa anauza mafuta ya taa. Nilikomea hapo.

Mama alipiga kelele. Nilidhani ameanguka, kumbe ni furaha. "Alifika! Yezu wangu, alifika! Hakukufa mu mayi, mu ule mto!" Alitoka uani akaupigia ukuta wa jirani kelele hizo hizo, akarudi, akanikumbatia na mikono yangu yenye nta. Alilia na kucheka pamoja. Akasema sasa hatamwona tena ndani ya mto. Kisha akakaa juu ya pipa la oili, akala nusu ya chakula changu, na huku anakula akanisimulia jinsi baba alivyokuwa akipima nati kwa vidole bila spana, jinsi alivyoimba vibaya. Sijapata kumwona mama vile, kabla wala baada. Nikawaza labda nilikosea kumficha, labda kwake kufika tu kulitosha. Habari ya yule mtoto wa kwenye kizingiti nikaimeza.

Alipokuwa anafunika bakuli aliuliza, kama mtu anayeuliza ya kupita tu.

"Shaba inakula siku ngapi mpaka inakuwa vile?"

Hakuna mtu mwingine katika mtaa ule aliyeweza kumjibu, ila mimi na fundi, na fundi hakuwepo. Ningeweza kusema miezi. Shaba ni laini, angeamini.

"Si siku, mama. Miaka."

"Ngapi?"

"Kumi. Pengine zaidi."

Alitikisa kichwa taratibu, akafunga kitambaa juu ya bakuli, akasema nimsindikize. Nilifunga karakana tukaondoka. Alitembea mbele kidogo, mwepesi, akamsalimu muuza mboga, akamsalimu na mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani. Kwenye barabara kubwa tulifika robot, taa ya kuongozea magari, ikiwa kijani, nikashuka ukingoni nivuke. Mama hakushuka.

"Turffontein iko mbali?"

"Hapana, mama. Teksi moja mpaka mjini, na nyingine mpaka kule."

Robot ikawa nyekundu, magari yakapita mbele yetu. Ikawa kijani tena, watu wakatupita kushoto na kulia, yeye amesimama tu na bakuli lake, anatazama ng'ambo.

"Miaka kumi," akasema. Halafu akasema, bila kuinua sauti, "Afazali mayi ingemubeba."

Nilimshika kiwiko. Aliutoa mkono wangu, akashuka barabarani, akavuka peke yake.